Maji ya Sungura Mpanda: Bakuli, Chupa au Nipo?

Anayeanza kufuga sungura Mpanda hupewa mashauri matatu yanayogongana. Wa kwanza humwambia sungura hanywi maji, mpe majani mabichi basi. Wa pili hukubali kwamba anakunywa, ila anaonya apewe kidogo, maana maji yakizidi anaharisha na kufa. Wa tatu, mara nyingi aliyetazama video za mabanda ya Kenya au Ulaya, humshauri atupe bakuli zote, atandaze bomba na kufunga nipo, zile chuchu ndogo za chuma zinazotoa maji mnyama anapozisukuma kwa ulimi. Kila shauri lina mfugaji anayelisifu, na kila moja limeacha mabanda matupu.

Mkanganyiko huu unatokana na kuchanganya maswali mawili. Moja ni la mwili wa mnyama: anahitaji maji kiasi gani, na lini. La pili ni la mazingira: maji yanatoka wapi, yana hali gani, na nani yupo bandani kuyaangalia. Wanaobishana kuhusu chombo huwa wameliruka swali la kwanza na kulijibu la pili kwa mazingira ya mtu mwingine.

Kwa nini inaaminika sungura hanywi maji

Imani hiyo ina chimbuko. Sungura pori wanaokatiza barabara ya Sitalike usiku hupita kiangazi bila kuonekana kwenye maji. Hao ni jamii nyingine ya mnyama: huzunguka kutafuta majani, mizizi na magome yenye unyevu, na mchana hujilaza kivulini. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, na mbegu zinazofugwa leo, kama New Zealand White na California, zimechaguliwa ili zizae mara kwa mara na kukua upesi. Tena yumo kizimbani. Hawezi kutafuta jani lenye maji wala kuhama jua linapomfuata.

Sababu ya pili ina ukweli ndani yake. Majani mabichi kama matembele na majani ya maboga yana maji kati ya asilimia 80 na 90. Sungura akila nusu kilo ya majani hayo kwa siku, tayari amepata zaidi ya mililita 400 za maji, na ukimwekea bakuli atalinusa na kuliacha. Ndiyo maana mtoto anayefuga sungura wawili nyuma ya nyumba wakati wa masika huapa kwamba sungura wake hawanywi. Hasemi uongo. Anaeleza hali ya miezi michache ya mwaka.

Mkoa wa Katavi, uliko mji wa Mpanda, una msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo majani hukauka, na mfugaji hugeukia nyasi kavu, pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Chakula kikavu hakina maji ya kumtosha mnyama. Kwa kila gramu 100 za chakula kikavu sungura huhitaji mililita 150 hadi 200 za maji, na joto likipanda huhitaji zaidi. Kwa hesabu ya jumla, sungura mzima hunywa karibu mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo nne hunywa mililita 400 kwa siku.

Jike anayenyonyesha ana hesabu yake. Maziwa ya sungura ni mazito kuliko ya ng'ombe, na karibu na wiki ya tatu baada ya kuzaa jike bora hutoa takriban gramu 200 kwa siku. Maji ya kutengenezea maziwa hayo lazima yatoke mahali. Jike wa namna hii, pamoja na watoto walioanza kutoka kwenye kiota, huweza kumaliza lita mbili kwa siku, na katika joto kali hata zaidi. Akinyimwa, maziwa hukauka upesi. Mfugaji huona watoto wamesinyaa na tumbo limeshikana na mgongo, akadhani amepata jike mbaya, akamchinja. Kiu wakati wa kuzaa pia ni miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu kwa majike wanaokula watoto wao.

Hoja ya kuharisha

Wanaoogopa maji kwa sababu ya kuharisha huwa wameona jambo la kweli na kulitafsiri vibaya. Kinachoua vitoto vingi baada ya kuachishwa kunyonya ni koksidiosi, ugonjwa wa vimelea wanaotoka na kinyesi na kukomaa penye unyevu. Bakuli lililoingiwa na kinyesi au sakafu iliyolowa huwapa vimelea hao mazingira wanayoyataka. Kosa ni uchafu na unyevu wa banda, si maji yaliyomo tumboni.

Kwa haki, hoja hii ina wafuasi hata Ulaya. Ufaransa, baada ya ugonjwa mkali wa matumbo kuenea kwenye mashamba ya sungura kuanzia mwaka 1997, baadhi ya wafugaji walianza kuwafungulia maji sungura walioachishwa kunyonya kwa saa chache tu kwa siku. Lengo lilikuwa kupunguza ulaji wao, kwa kuwa sungura asiyekunywa hali. Njia hiyo hufanywa kwa muda maalumu wa umri, kwa chakula cha kiwandani kilichopimwa, ndani ya majengo yenye hewa iliyodhibitiwa, na imelaumiwa kwa kumtesa mnyama. Kuihamishia kwenye banda la mabati pale Makanyagio, mjini Mpanda, mwezi Oktoba ni kuua sungura kwa ushauri wa kitaalamu.

Maji yenyewe yanatoka wapi

Mpanda inategemea chanzo cha Ikolongo, bwawa la Milala na visima, na kadiri kiangazi kinavyosonga ndivyo mgawo unavyobana. Nje ya mji, Nsimbo, Katumba, Mishamo na kuelekea Mpimbwe, familia nyingi huchota kisimani au mtoni. Mto Katuma unaonyesha hali ya mkoa mzima: masika hufurika hadi Ziwa Katavi na Ziwa Chada ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kiangazi hupungua hadi viboko wanarundikana kwenye matope, hali iliyozidishwa na kuchepushwa kwa maji kwenda mashamba ya mpunga kabla mto haujafika hifadhini. Maji ya mkoa huu basi huja kwa vipindi, na mara nyingi huja na tope, mchanga au kutu.

Kipimo cha watu hapa ni dumu la lita 20. Chukua banda la majike kumi na madume wawili, majike watano wakiwa wananyonyesha, na watoto 30 wanaokua. Wanaonyonyesha watahitaji lita kumi, wakubwa wengine saba karibu lita tatu, na wanaokua lita sita. Hiyo ni lita 19, yaani dumu moja kila siku na madumu 30 kwa mwezi. Dumu hilo mtu atalinunua kwa mwenye mkokoteni au atalibeba kichwani. Kwa hiyo lita inayomwagika ina bei, jambo ambalo maelezo ya vifaa vya kutoka nje huwa hayalitaji.

Joto nalo lina sehemu yake. Sungura hatoki jasho. Hupoza mwili kwa masikio na kwa kuhema. Joto likizidi nyuzi 30 hupunguza kula, hunywa zaidi, na dume huweza kupoteza uwezo wa kuzalisha kwa wiki kadhaa. Mpanda, ambako miezi ya Septemba na Oktoba ndiyo mikali zaidi, hili si jambo la mara moja moja.

Bakuli

Bakuli hudharauliwa kwa sababu ni la kienyeji, na dharau hiyo haina msingi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, walichapisha matokeo ya kulinganisha bakuli na nipo kwa sungura wa kufugwa. Sungura walikunywa zaidi kwenye bakuli, na walipopewa vyote viwili walilipendelea bakuli. Sababu ni rahisi. Mnyama huyu anapoinamisha kichwa na kulamba uso wa maji hupata mengi kwa muda mfupi, ilhali nipo humpa matone. Hata hivyo maji ya bakuli huchafuka kwa urahisi. Faida na hasara viko katika chombo kimoja, na mfugaji hawezi kuchukua moja na kuiacha nyingine.

Hasara zenyewe ni za kila siku. Bakuli jepesi la plastiki hupinduliwa kabla hujafunga mlango wa kizimba. Bakuli la chini hupokea mkojo na mavi. Lenye kina kirefu huzamisha vitoto vya wiki mbili au tatu vinavyoanza kutambaa nje ya kiota. Jike mwenye mkunjo mkubwa wa ngozi chini ya kidevu huulowesha kila anapokunywa, manyoya yakawa hayakauki, ngozi ikaoza, na wakati mwingine manyoya hugeuka kijani kwa bakteria. Anayeona hayo hukimbilia dawa ya kupaka, wakati chanzo huondolewa kwa kuliinua bakuli na kulifanya jembamba mdomoni.

Nyingi ya kasoro hizi hutibika kwa fundi wa mtaani. Bakuli la udongo uliochomwa, au la saruji lililomiminwa ndani ya kopo, likiwa na kitako kizito na kina cha vidole vitatu au vinne, halipinduki na hupoza maji kuliko plastiki. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza pete ya nondo nyembamba inayolishika bakuli kwenye ukuta wa kizimba, juu kidogo ya sakafu. Jipya la saruji lilowekwe na kubadilishwa maji kwa siku kadhaa kabla halijatumika.

Jambo moja halirekebishwi na fundi yeyote, nalo ni saa ya kujaza. Sungura hula na kunywa zaidi jioni na usiku. Mfugaji anayejaza asubuhi kabla ya kwenda shambani huacha maji yapate moto mchana kutwa, yaingie uchafu, na pengine yaishe kabla ya saa ambazo mnyama anayahitaji. Bakuli linalojazwa mara moja kwa siku lijazwe jioni. Wakati wa kiangazi lijazwe asubuhi na jioni. Hapo ndipo kazi inapoonekana: vizimba vitano ni dakika chache, vizimba 40 ni kazi ya mtu.

Chupa

Chupa ya kuning'iniza yenye mrija na gololi inamfaa mwenye sungura mmoja au wawili wa kupendezesha nyumba. Maji hubaki safi, kidevu hakilowi, na kiasi kilichonywewa huonekana kwa macho, faida ambayo vyombo vingine havina. Kwa biashara haifai. Nyingi hubeba nusu lita, ambayo haimfikishi jike anayenyonyesha hata nusu ya siku. Gololi hukwama kwa mchanga. Na chupa inayopitisha mwanga huota ukijani baada ya siku chache. Wanaotoboa chupa za soda na kufunga nipo kwenye kifuniko wamepata njia ya kati isiyo mbaya kwa kuanzia, mradi chupa ivikwe kitambaa na ioshwe kwa brashi.

Nipo na bomba

Hoja kuu ya nipo ni kazi ya mikono. Ndoo moja juu, bomba moja kupita mbele ya vizimba vyote, na mfugaji anajaza mahali pamoja. Hakuna mkojo ndani ya maji, hakuna kupindua. Anayelenga vizimba 20 na kuendelea, au anayeajiri kijana wa banda, ataishia hapa hata akichelewa.

Lakini nipo haisamehi ufungaji mbovu, na Mpanda makosa matatu hujirudia kwa urahisi.

La kwanza ni msukumo. Nipo za sungura hutengenezwa kwa msukumo mdogo, ule unaopatikana ndoo ikiwa juu ya bomba kwa nusu mita hadi mita moja. Kuziunganisha moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji, au na tangi lililo juu ya mnara, ni kuzipa msukumo unaoweza kuzidi mara kumi. Nyingine zitavuja, nyingine zitakuwa ngumu kiasi cha kumshinda sungura kuzisukuma. Hata mwenye bomba nyumbani anahitaji ndoo ya kati yenye boya kama la tangi la choo.

La pili ni kuvuja. Tone moja kwa sekunde huonekana dogo. Kwa siku ni matone 86,400, na kwa kuwa matone 20 hivi ni mililita moja, nipo moja inayovuja hivyo humwaga lita nne na robo, zaidi ya mara kumi ya anachokunywa sungura mwenyewe. Nipo tatu za namna hiyo hunywa zaidi ya nusu dumu kila siku. Maji hayo huangukia kwenye mavi, na harufu ya amonia hupanda na kuchoma pua na mapafu. Mafua ya sungura yasiyoisha mara nyingi huanzia hapo. Mfugaji anayekinga mkojo kwa ajili ya bustani au kuuza hupata hasara nyingine, maana mkojo uliochanganyika na maji ya nipo hupungua nguvu. Mnunuzi wa bustani za mboga Kakese au Mwamkulu atalijua hilo kwenye mazao yake kabla ya muuzaji.

La tatu ndilo baya zaidi kwa sababu halionekani: kuziba. Mchanga, kutu na utelezi wa bakteria ndani ya bomba huziba nipo kimyakimya. Bakuli likikauka kila anayepita analiona. Nipo iliyoziba inang'aa kama iliyo nzima. Dalili ya kwanza ni chakula kubaki kwenye chombo, kisha mavi kuwa madogo na magumu. Anayeona chakula kimebaki hufikiri mnyama anaumwa na kwenda duka la dawa za mifugo, kumbe ana kiu.

Kinga zake hazina gharama kubwa. Koki ya ndoo ifungwe vidole vitatu juu ya kitako ili tope libaki chini. Mdomo wa ndoo ufungwe kitambaa safi cha kuchujia. Mwisho wa bomba uwe na koki ya kufungulia na kusukuma uchafu wote nje kila wiki. Bomba liwe jeusi au la kijivu lisilopitisha mwanga, lipite chini ya paa, kwa sababu bomba jeusi juani hupasha maji moto hadi sungura ayakatae. Kila kizimba cha jike kiwe na nipo mbili, ili moja ikiziba nyingine imvushe usiku. Urefu wa sentimita 20 hadi 25 kutoka sakafuni unamfaa mkubwa. Vitoto vinavyojifunza kunywa vinahitaji ya chini zaidi. Sungura aliyekulia kwenye bakuli asinyang'anywe bakuli siku nipo inapofungwa. Aachiwe vyote viwili hadi aonekane anaisukuma nipo mwenyewe.

Dawa za kuweka kwenye maji ni suala la peke yake. Amproliamu na salfa za kutibu koksidiosi hupimwa kwa lita, na ndoo ya nipo hurahisisha kipimo kuliko bakuli 30 zilizojazwa kwa kukisia. Ila dawa, vitamini na hasa molasi huacha utelezi ndani ya bomba. Siku tiba inapokwisha, bomba lisafishwe kwa maji ya klorini na kusuuzwa vizuri, vinginevyo kilichotibiwa kitarudi kwa njia ileile.

Kuzipima pande zote

Tatizo kubwa la mabishano haya ni kudhani chombo kitachukua nafasi ya mtu. Bakuli linahitaji mikono mingi lakini linafichua tatizo lake lenyewe. Nipo inapunguza mikono lakini inaficha tatizo, kwa hiyo muda uliookolewa kwenye kujaza lazima sehemu yake irudishwe kwenye kukagua: kila jioni, kila nipo, kidole kimoja, mpaka itoe tone. Asiyeweza kujitoa kwa ukaguzi huo ana usalama zaidi na bakuli kuliko na bomba.

Umbali wa vipuri nao usisahaulike. Nipo ikiharibika Dar es Salaam mtu huvuka barabara. Mpanda, kifaa kikikosekana kwenye maduka ya mjini, kitaagizwa na kusubiriwa kwenye basi la Tabora au la Mbeya kupitia Sumbawanga. Mwenye nipo 20 zinazofanya kazi anapaswa kuwa na tano kabatini. Bakuli la udongo likivunjika, jingine linapatikana sokoni siku hiyohiyo.

Kwa mwenye vizimba visivyozidi kumi, na hasa anayenunua maji kwa dumu, bakuli zito la udongo au saruji lililoshikwa na pete ndilo chaguo bora. Kwake nipo ni gharama isiyo na kazi. Kuanzia vizimba 20, nipo na ndoo ya juu ina haki ya kuingia, kwa sharti la ukaguzi wa kila jioni na vipuri. Aliye katikati ya hapo aamue kwa kuangalia watu alionao: kama banda linahudumiwa na watoto kabla ya shule, abaki na bakuli.

Na kwa kila banda la Katavi, liwe la bakuli au la bomba, kati ya Agosti na mvua za kwanza kila jike anayenyonyesha aongezewe bakuli lake la maji, hata kama nipo inafanya kazi. Chombo chenye alama za mililita hakikosekani nyumbani: pima yote yanayoingia kuanzia jioni, pima yaliyobaki jioni inayofuata, fanya hivyo kwa siku tatu kwa jike mmoja. Akiwa ananyonyesha na anakunywa chini ya lita moja kwa siku katika joto la Oktoba, rekebisha mfumo wako kabla ya kununua jike mwingine.